Dalili za figo: tuzisubiri, au tupime?

Orodha ya dalili za ugonjwa wa figo ikisambazwa, watu huisoma, hujikagua, na asiyejiona na hata moja hushusha pumzi. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni 1, na vingine vikifa, vilivyobaki hubeba kazi yao. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku anakula, analala na kwenda kazini kama kawaida. Kichefuchefu na mwili kuwasha, ambavyo orodha hizo huviita dalili za awali, mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Hata hivyo, wanaozitetea orodha hizo wana hoja. Zipo ishara zinazoweza kuonekana mapema. Mkojo ukimwagika kwa kasi hutoa mapovu, lakini hayo hupasuka upesi. Povu jeupe, zito, linalobaki chooni dakika kadhaa na kurudi siku baada ya siku, huenda ni protini inayovuja. Asubuhi kope zimejaa. Jioni soksi zimeacha mfereji mguuni, na ukibonyeza ugoko kwa kidole gumba panabaki shimo. Mkojo wenye damu nao si wa kungoja wiki ijayo. Maumivu ya mgongo, ambayo wengi huyahusisha na figo kabla ya kitu kingine chochote, mara nyingi ni misuli tu.

Basi tupimwe sote? Hapo nasita. Kreatinini, takataka ya misuli inayopimwa kwenye damu, ina mambo yake: mwenye misuli mikubwa huwa nayo juu, na mzee aliyekonda anaweza kuonekana mzima kumbe sivyo. Tena kipimo kimoja hakitoshi: ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi mpaka kasoro idumu zaidi ya miezi 3. Kumpima kila mtu, hata asiye na hatari yoyote, kunaweza kuzaa hofu kuliko nafuu.

Mwenye kisukari au presha, huyo hana cha kusubiri. Magonjwa hayo ndiyo yanayoongoza kwa kuharibu figo. Apimwe kreatinini kwenye damu na albumini, aina ya protini, kwenye mkojo kila mwaka, hata akijisikia mzima kabisa, na aviombe vyote viwili, kwa kuwa albumini inaweza kuvuja wakati kreatinini bado iko sawa. Nadhani anayemeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kila siku tunamsahau mno. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, naye anawaza goti lake tu.

Uharibifu ukishikwa mapema kwa vipimo hivyo, presha hudhibitiwa, na zipo dawa zinazopunguza uvujaji wa protini na kuisogeza mbele kwa miaka siku ya kusafishwa damu kwa mashine. Anayekuja miguu ikiwa imeshavimba naye hutibiwa, ila vichujio vilivyokwisha kufa havioti tena.