Fedha ya Wanavajo: ya nani hasa?

Ushike mkufu wa kale wa fedha wa Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, utazame kile kidani cha umbo la hilali kinachoning'inia katikati. Wenyewe hukiita naja. Kabla ya kufika kifuani mwa mtu kilikuwa pambo la hatamu za farasi wa Wahispania, nao walilipata kwa Wamoori, Waislamu waliotawala Andalusia. Zile shanga zinazochanua pembeni huitwa maua ya boga, ingawa wengi wanaona ni komamanga la Kihispania. Ufundi wenyewe Atsidi Sani, anayetajwa kuwa mfua fedha wao wa kwanza, aliupata kwa fundi wa Mexico katika karne ya 19. Na fedha hiyo ilikuwa pesa kweli: dola na peso zilizoyeyushwa. Hata feruzi, lile jiwe la buluu lililoanza kupachikwa karibu 1880, mfanyabiashara Lorenzo Hubbell wa Ganado, Arizona, aliwahi kuiagiza Uajemi, huko huko lilikotoka jina tunalolitumia Waswahili.

Basi wapo wanaouliza: kazi iliyoazimwa kila kipande itafungiwaje kabila moja? Wanailenga sheria ya Marekani ya 1990. Ukiuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji wa asili, na si kweli, kosa la kwanza tu laweza kukugharimu hadi dola 250,000 na miaka 5 jela.

Naona wanachanganya mambo. Sheria haimkatazi mtu yeyote kufua bangili ya feruzi. Inamkataza kudanganya ni nani aliyeifua. Na uongo huo una anayeumia. Fundi huchonga kalibu kwenye jiwe laini la tufa, akamimina fedha, akaipiga tupa mpaka makovu yaishe, kisha akalehemu ukanda mwembamba wa kulibana kila jiwe. Kando yake dukani inawekwa bangili ya kiwandani yenye hauliti, jiwe jeupe lililotiwa rangi ya buluu, kwa bei isiyofikia hata gharama ya fedha aliyoyeyusha fundi huyo.

Wakosoaji wanapata nguvu kwingine. Sheria hiyo inauliza mkono, haiulizi jiwe. Machimbo ya Sleeping Beauty, Arizona, yaliacha kutoa feruzi 2012. Mnavajo akitumia badala yake jiwe hafifu la Uchina lililoshindiliwa gundi, bangili yake bado ni halali kwa sheria hiyo. Na mwenye damu ya Kinavajo asiyeandikishwa katika kabila, wala kutambuliwa nalo kuwa fundi, hana ruhusa ya kuiuza kazi yake sokoni kama ya Kinavajo.

Halafu kuna Fred Harvey, mfanyabiashara wa hoteli na migahawa ya kando ya reli. Kuanzia 1899 kampuni yake iliagiza vikuku vyepesi vya kuwauzia watalii wa treni, vimejaa mishale, vya bei ndogo. Wajuzi walivibeza kuwa si vya Kinavajo halisi. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanavigombania.