Opilioni wa milima ya Kivu: jina litolewe leo au lisubiri?

Opilioni ni jamaa wa buibui, mwenye miguu minane na mwili wa kipande kimoja, hana sumu wala hafumi utando. Spishi zaidi ya 6,500 zimekwisha kupewa majina duniani, lakini wanaochekecha majani makavu ya msituni upande wa mlima Kahuzi, mashariki mwa Kongo, wanajua kazi haijaisha. Mzozo ni huu: ukipata dume mmoja asiyefanana na yeyote aliyeandikwa, umtangaze, au ungoje wenzake?

Wanaotaka haraka wana hoja nzito. Opilioni hukauka upesi nje ya unyevu, na hapeperuki kwa uzi kama watoto wa buibui, hivyo spishi nzima inaweza kuishi kwenye mteremko mmoja tu. Mteremko huo ukifyekwa ili makaa yateremke Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, amekwisha. Na asiye na jina ni nadra kuingia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Wanaotaka subira humtaja Roewer. Mjerumani huyo ndiye aliyetoa karibu theluthi ya majina ya opilioni wote, na jenasi zake, yaani makundi ya spishi za karibu, alizipanga kwa miiba ya mgongoni na idadi ya vipingili vya mwisho wa mguu. Kumbe vipingili hivyo hutofautiana hata kati ya mguu wa kushoto na wa kulia wa mnyama yuleyule, na mtoto huwa navyo vichache kuliko mzima. Majina mengi yalibidi kufutwa baadaye. Kulifuta jina moja kuna jasho zaidi kuliko kulitoa, na jasho hilo ni la mtu mwingine.

Vinasaba navyo havimalizi ubishi. Kwa kuwa wanyama hawa hawasafiri, wa vilima viwili jirani huweza kuachana sana kwa vinasaba vya mitokondria, sehemu ndogo za ndani ya seli, huku maumbile yao ni yaleyale. Anayetegemea kipimo hicho peke yake atakipa kila kilima spishi yake.

Kinachosema kweli zaidi ni uume, ambao opilioni anao, buibui hana. Dume mzima awekwe kwenye alkoli ya asilimia 80: vipimo vitano vya alkoli ya 96 kwa kimoja cha maji. Ya 96 yenyewe humkakamaza na miguu hukatika, kwa hiyo humo weka mguu mmoja tu, wa vinasaba. Alkoli ibadilishwe baada ya siku moja, maana maji ya mwilini huizimua. Chini ya hadubini, inua kifuniko cha uzazi tumboni, vuta uume kwa kibanio chembamba, uutie kwenye asidi laktiki ya moto, kisha kwenye maji: ncha hufumuka na vinyweleo vyake vikahesabika. Ukiichora ikiwa bado imekunjamana, utachora spishi isiyokuwepo. Ukimaliza, uume urudi kwenye kichupa kidogo ndani ya chupa ya dume mwenyewe. Ukipotea, hakuna atakayeweza kukuhakiki.

Hata hivyo, subira haina bei moja kwa wote. Vielelezo vya zamani vya Kongo, yaani wanyama waliohifadhiwa, viko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji; vya Roewer vingi viko kwenye makumbusho ya Frankfurt, Ujerumani. Mtafiti wa huko hushuka ngazi akavitazama. Wa Bukavu huanza na viza. Kumwambia angoje mpaka avione vyote ni kumwambia asiandike. Kwa hiyo dume mmoja anatosha, mradi uume umechorwa pande tatu, mahali na mwinuko vimeandikwa, na picha za vielelezo vya jenasi hiyo zimeombwa na kulinganishwa. Jike peke yake au mtoto, hapana, hata awe na miiba ya ajabu namna gani.

Linabaki suala la holotipu, kile kielelezo kimoja kinachobeba jina. Kanuni za majina ya wanyama zinadai utaje mkusanyo kinakohifadhiwa. Wengi wangependa kibaki Lwiro, kituo cha utafiti karibu na Bukavu, na haki wanayo. Lakini alkoli hupungua polepole hata kizibo kikibana, na chupa isiyoongezwa huishia na ganda kavu. Palipo na mtu na bajeti ya kuongeza alkoli kila mwaka, holotipu ikae hapo Lwiro. Pasipokuwepo, ipelekwe Tervuren kwa mkataba wa maandishi wa kuirudisha, na madume mengine ya spishi hiyo, yakipatikana, yabaki nyumbani.