Kumnyoa au kumwacha: German Shepherd na Husky kwenye joto la Pwani

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na mchana wa Dar es Salaam kufika nyuzi 32, wenye mbwa wa manyoya mazito hugawanyika. Wapo wanaomwona German Shepherd wao akihema tangu asubuhi, wakamhurumia, wakamwita mtu mwenye mashine amnyoe mpaka ngozi ionekane. Wapo pia wanaouona unyoaji huo kuwa ni ukatili, wakisema manyoya ndiyo yanayompoza mbwa. Mimi niko na wasionyoa. Lakini hoja yao kuu ina kasoro, na kasoro hiyo inaweza kumfanya mtu alale usingizi huku mbwa wake anateseka.

Mbwa hawa wana manyoya ya tabaka mbili. Ya nje ni marefu na magumu kiasi. Ya ndani ni mafupi, laini kama pamba, na yamesongamana. Tabaka la ndani hushika hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Hapo ndipo inapotoka hoja kwamba kama manyoya yanazuia baridi, basi yanazuia na joto.

Ushahidi wa aina hiyo upo. Miaka ya 1950, mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alipima ngamia katika jangwa la Sahara, akaona kuwa aliyekatwa manyoya hupoteza maji kwa takriban nusu zaidi ya mwenye manyoya yake. Tatizo ni kwamba ngamia hutoa jasho mwili mzima, na hao walikuwa juani. Mbwa hutoa jasho kidogo tu, kwenye nyayo; kupoa kwake hutegemea zaidi kuhema. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 38.5. Akilala kivulini penye nyuzi 32, hewa inayomzunguka ina joto dogo kuliko lake, kwa hiyo joto linatafuta njia ya kutoka mwilini, na manyoya mazito yanalichelewesha. Hapo wanaonyoa wana haki. Lakini mtoe kwenye jua la saa saba mchana na hesabu inageuka, kwa sababu mionzi inayompiga mgongoni hupokelewa na manyoya ya nje kabla ya kufika kwenye ngozi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za mashine, ningeuliza mbwa anashinda wapi. Mbwa wa ulinzi aliyefungiwa kwenye banda la bati lisilopitisha upepo atazidiwa na joto akiwa amenyolewa au hajanyolewa.

Kinachonifanya nisiunge mkono kunyoa ni gharama yake. Mashine haichagui tabaka. Manyoya ya ndani mara nyingi huwahi kurudi kuliko ya nje, na mbwa hubaki na koti linalonasa uchafu na kushika unyevu. Kwa mbwa wenye asili ya nchi za baridi, kama Husky na Chow Chow, sehemu iliyonyolewa inaweza kubaki na upara kwa mwaka mzima au zaidi. Wakati huo ngozi ambayo haikuzoea jua inaungua.

Wanyoaji wana hoja nyingine ambayo kwetu ni nzito: kupe. Kupe wa kahawia huambukiza mbwa magonjwa ya damu yanayoua, na kumwona chini ya manyoya ya Husky ni kazi. Hata hivyo wembe hauzuii kupe kupanda. Dawa ya kupe ndiyo inayozuia. Daktari wa mifugo akinyoa sehemu yenye kidonda, au manyoya yaliyoshikamana kiasi kwamba kitana hakipiti, hiyo ni tiba na sina ubishi nayo.

Sasa kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni, yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, hayalitaji. Kubadili manyoya kwa mbwa huongozwa sana na urefu wa mchana. Berlin, mchana wa Juni unauzidi ule wa Desemba kwa zaidi ya saa 9, ndiyo maana mbwa wa huko humwaga manyoya ya ndani kwa wingi majira ya kuchipua. Dar es Salaam tofauti haifiki saa moja. Mbwa wetu hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima, na manyoya yaliyokufa hubaki yamejibana chini. Anayesubiri msimu wa kupukutika atasubiri sana. Brashi inayofika kwenye tabaka la ndani ipite kila wiki, mwaka mzima, hewa ipate njia ya kufika kwenye ngozi.

Unyevu wa Pwani nao una yake. Mbwa aliyeoga, au aliyetoka kuogelea baharini, anaweza kukauka juu huku ndani amelowa kwa saa nyingi, na hapo ngozi hulika na kutoa vidonda vya majimaji. Asuuzwe chumvi kwa maji baridi, kisha akaushwe mpaka chini. Manyoya ya tumboni yanaweza kupunguzwa kwa mkasi, maana akilala kwenye sakafu ya saruji iliyo kivulini, joto jingi hutoka mwilini kupitia hapo.

Mbwa akianza kuyumba, kutoa ute mzito au kutapika kwa sababu ya joto, suala la manyoya liwekwe kando. Amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, kisha ndiyo akimbizwe kwa daktari. Taulo lililolowa lisiachwe mgongoni, maana likishapata joto linalifungia ndani.

Kwa anayefikiria kununua Husky wa kukaa Mombasa au Tanga, brashi na kivuli havitamgeuza kuwa mbwa wa Pwani. Kama lengo ni ulinzi wa nyumba, mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi anaifanya kazi hiyo bila mateso ya kila kaskazi.