Mheshimiwa, Siku Ile Ulikuwa Wapi?

Januari 2025 nilimsindikiza mama kwenye uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, huku Eastlands, Nairobi, kwenda kupokea basari, yaani msaada wa karo, ya mdogo wangu. Hema tatu, viti vya plastiki, spika zinazokoroma, na hundi kubwa ya kadibodi ambayo wapiga picha waliingoja kwa hamu kutuzidi sisi wenye karo. Hundi za kweli zilikuwa ndani ya bahasha, zimeandikwa majina ya shule. Ratiba ilisema saa nne. Mheshimiwa, mbunge wetu, alifika saa saba.

Maswali yaliporuhusiwa niliomba kipaza sauti. Nikasema, "Mheshimiwa, shikamoo. Tarehe 25 Juni mwaka jana, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya tatu, ulipiga kura gani?"

Watu waliguna, na mguno ule ulinielekea mimi, si yeye. Mama alinivuta shati. Mheshimiwa alicheka kwa upole kama mjomba aliyeulizwa swali na mtoto mbele ya wageni, kisha akasema, "Kijana wangu, wewe umekuja na siasa. Hawa kina mama wamekuja na karo." Makofi. Kipaza sauti kikapokonywa, shughuli zikaendelea, na nyama ikaliwa.

Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo tayari. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku ile kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Wabunge 195 waliusemea Ndiyo mswada ule wa kodi, 106 wakasema La. Jina lake halikuwa huku wala kule. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika: 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa kike 47 na wa kuteuliwa 12. Fanya hesabu ya kutoa, punguza viti vilivyokuwa wazi na kura chache zisizo za upande wowote, na bado utabaki na waheshimiwa wapatao 40 ambao siku iliyoitikisa nchi kuliko siku nyingine yoyote ya Bunge lile hawakusema lolote. Na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu waliosema Ndiyo angalau tulipata wa kumlaumu.

Tunaikumbuka siku ile kwa mengine. Kwa moshi, kwa vijana waliovunja ua wa Bunge, kwa waliopigwa risasi barabarani wakiwa na bendera na chupa ya maji. Kesho yake Rais akasema hatautia saini mswada. Lakini wiki ile lilitokea jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani mwangu hapa Nairobi: orodha ya kura za Bunge ilisomwa ndani ya matatu. Tarehe 20, baada ya mswada kupita kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115, kondakta mmoja wa njia yetu alisimama mlangoni akauliza abiria, "Wa kwenu alisema nini?" Watu wakatoa simu wakatafuta. Mbunge alikuwa na kura, na kura ilikuwa na jina. Niliona kama tumevuka mto.

Hatukuvuka. Desemba ya mwaka uleule, baadhi ya mambo yaliyokuwa ndani ya mswada ule yalirudi kupitia sheria nyingine za kodi, Rais akazitia saini tarehe 11. Ushuru wa ujenzi wa reli unaotozwa bidhaa za kutoka nje, kwa mfano, ulitoka asilimia 1.5 ukawa 2. Watu walikuwa wakipanga safari za Krismasi. Ndani ya matatu yetu sikusikia mtu akiuliza wa kwao alisema nini.

Tulipotoka uwanjani siku ile ya basari, mama hakunisemesha mpaka tulipofika kwa fundi wa viatu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, hiyo kura yake ya Bunge ndiyo itamlipia dada yako karo?"

Swali lile sikulidharau hata kidogo. Limekaa nami tangu siku ile, na naamini ndilo swali lenyewe. Mama anauza nguo za mitumba, huamka saa kumi kwenda soko la Gikomba kuchagua. Basari tuliyopewa ilikuwa shilingi 5,000. Sasa rudi nyuma hadi Juni 2023, Bunge lilipopitisha Mswada wa Fedha wa mwaka ule kwa kura 184 dhidi ya 88, na ushuru wa VAT kwenye mafuta ukatoka asilimia 8 ukawa 16. Nauli ya mama ilipanda kwa shilingi 20 kwenda na 20 kurudi, siku sita kwa wiki. Hiyo ni shilingi 240 kila wiki. Katika wiki 21 hivi, basari imekwisha kurudi ilikotoka. Sisemi kodi ndiyo iliyopandisha nauli peke yake. Makondakta wetu hawahitaji Bunge ili kupandisha nauli, wingu jeusi linawatosha. Lakini kura ile ilikuwa na mkono ndani ya kikoba cha mama kila alfajiri, wakati bahasha ilikuja mara moja, tena kwa makofi.

Nilipomfanyia mama hesabu hii alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi wachukue nauli, lakini basari wasiiguse." Hapo ndipo niliposhindwa.

Kwa maana bahasha ina uso. Unamwona anayekupa, mnapeana mikono, unaitwa kwa jina. Kodi haina uso. Pesa za CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge inakotoka basari hii, zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na leo sheria inataka zisipungue asilimia 2.5 ya mgao wa mapato ya serikali ya kitaifa. Hazitoki mfukoni mwa mheshimiwa. Kuna kamati, kuna meneja wa hazina, kuna fomu inayopigwa mhuri na chifu na mwalimu mkuu. Hata hivyo mabasi ya shule yamechorwa jina la mbunge, madarasa yamechorwa picha yake, na mama zetu hushukuru kana kwamba ameuza ng'ombe wake. Ukishampokea mtu kama mfadhili, huwezi tena kumuuliza kama mwajiri. Utaonekana huna adabu, nami siku ile nilionekana hivyo.

Mahakama zimeliona hili kwa jicho la sheria. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF ya mwaka 2015, inayoiongoza hazina hiyo, inakiuka Katiba, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba anayetunga sheria na kuisimamia serikali hafai tena kuwa na mkono katika kutekeleza miradi. Na waheshimiwa walifanyaje? Julai 2025 walipitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Mswada wa aina hiyo unahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani kura 233. Zilipatikana na zikabaki. Serikali na upinzani walikaa upande mmoja kama ndugu wa tumbo moja. Siku hiyo sikusikia kwamba kuna aliyekwama kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa.

Kwa hiyo wanapotaka kuwapo, huwapo.

Niseme jambo kuhusu rekodi hizi, maana ukianza kuzitafuta utakata tamaa upesi. Maamuzi mengi ya Bunge hupitishwa kwa kura ya sauti. Spika huwaambia wanaokubali waseme Ndiyo, wanaopinga waseme La, husikiliza, kisha hutangaza walioshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Ni sauti isiyo na mwenyewe, na mbunge anaweza kukaa miaka mitano akipiga kelele ya Ndiyo humo ndani na kelele ya La kwenye redio, nawe usiwe na karatasi ya kumwonyesha. Kwa kawaida majina hupatikana pale wabunge wenyewe wanaposimama na kudai kura ihesabiwe. Ndiyo maana siku za kura ya majina ni chache na za thamani, na ndiyo maana kutokuwapo siku hizo si jambo la kusamehe kirahisi. Mbali na hayo, sehemu kubwa ya Hansard ni Kiingereza. Kanuni za Bunge zinaruhusu Kiswahili, tena zinamtaka aliyeanza kwa Kiswahili amalize kwa Kiswahili, na nadhani wengi huogopa hicho cha pili.

Wapo wanaojaribu kutusaidia. Mzalendo, shirika linalofuatilia Bunge, hutoa tathmini kila mwaka kuonyesha nani amezungumza mara ngapi, na magazeti huchapisha majina ya walionyamaza. Nawaheshimu kwa kazi hiyo. Ila ninaogopa tumeanza kuhesabu maneno. Yuko mbunge atakayesimama mara mia kumpongeza Spika na kuiunga mkono hotuba ya mwenzake, halafu kura ikija anatazama upande wa kiranja wa chama chake. Na yupo asiyesema sana lakini kura zake zinafuatana kama shanga kwenye uzi. Tathmini itampa nyota nani?

Nikiambiwa nitaje mbunge wa Nairobi aliyejaribu kubeba vyote viwili, eneobunge na Bunge, huwa namtaja marehemu Ken Okoth wa eneobunge la Kibra. Alizaliwa na kukulia Kibera, akachaguliwa 2013 na 2017, akafariki Julai 2019 kwa saratani akiwa na miaka 41. Kwa upande wa eneobunge alikuwa mtu wa elimu, shule na basari. Hilo hata wapinzani wake hawakulikana. Lakini mwaka 2018 mtu huyohuyo alitangaza mswada wa kuhalalisha bangi. Fikiria mbunge wa mtaa wenye makanisa na misikiti mingi kiasi kile kujitwika mzigo huo bila kulazimishwa na yeyote. Mimi mwenyewe sikukubaliana naye, na bado sijakubali. Ila hakuna aliyehitaji kuomba kipaza sauti kumuuliza msimamo wake. Ningependa kubishana na mbunge wa namna hiyo maisha yangu yote kuliko kupigiwa makofi na huyu wetu.

Utaniambia basi tumrudishe nyumbani kabla ya wakati. Katiba, ibara ya 104, inatupa haki ya kumwita mbunge arudi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivitupa vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoweka masharti yake, kwa kuwa vilikuwa vigumu na vya ubaguzi, na mpaka hapo hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kurudishwa. Na mwenye kutunga masharti mapya ni nani? Ni huyohuyo wa kurudishwa. Tuiache hiyo, tungoje Agosti 2027.

Mwezi uliopita fomu za basari zilitoka tena. Nilimjazia mama, akazipeleka kwa chifu mwenyewe maana mimi, alisema, nina mdomo. Jioni aliporudi akaniuliza ile orodha yangu niliipata wapi. Nikamwambia ni ya Kiingereza. Akasema majina ya watu hayana Kiingereza, nimtumie.

Nikamtumia kurasa zile tatu za majina kwenye WhatsApp, nikasahau. Saa tatu usiku akanipigia. Alikuwa kwa rafiki yake wa kanisani, nikisikia sahani na redio nyuma yake.

"Nimemtafuta wetu mara mbili, hayumo kweli," akasema. "Sasa ngoja. Huyu mwenzangu wa eneobunge jirani anataka kujua, na wa kwao tumtafute kwa jina la ubatizo au la babake?"