Kabla ya kukata ukuta, chimba baraza

Shemeji yangu ana nyumba Isevya, Tabora, ya tofali za kuchoma. Kila akipaka rangi, haipiti miezi mingi lipu inavimba usawa wa kiti, inabanduka, na ukiigusa unabaki na unga mweupe wa chumvi vidoleni. Sasa fundi amemwambia: tukate ukuta, tuweke nailoni.

Fundi hajakosea. Ukuta uliojengwa bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi hufyonza maji ya ardhini kama utambi wa koroboi, mara nyingi hadi kama mita 1. Ukichana kiungo cha tofali sentimita 15 hivi juu ya ardhi, kipande kwa kipande kifupi, ukasukuma nailoni nzito na kushindilia mota juu yake, maji yamekatiwa njia. Dawa za kupiga ukutani kwa sindano hazina uhakika huo.

Shaka yangu ni udongo. Nyumba nyingi za zamani za huku tofali zake zimeshikwa kwa udongo, si saruji. Msumeno ukiingia pale udongo unamwagika, tofali za juu zinashuka, ufa unapanda mpaka kwenye linta. Kwa shemeji nilijaribu kisu cha jikoni kwenye kiungo. Kilizama hadi mpini.

Halafu tukatoka nje. Baraza alilomwaga baadaye liko juu kuliko sakafu ya sebule, na zege lake limelalia ukuta. Hata nailoni ingekuwepo, maji yangeiruka. Bati halina gata, kwa hiyo masika yote matope yanarukia ukutani, na lipu ya saruji ya nje inafungia maji yake ndani.

Kukata nakukubali pale tofali ziliposhikwa kwa saruji, na doa la unyevu halijafifia hata Septemba, baada ya miezi ya kiangazi. Na hapo kazi haijaisha: lipu yenye chumvi lazima ing'olewe, kwa sababu chumvi huvuta unyevu hata wa hewani. Ukuta wenyewe hukauka polepole, kwa kadirio la mwezi mmoja kwa kila milimita 25. Wa inchi 9 ni miezi tisa, kama mimba, na sebule iko uchi muda wote huo.

Shemeji amenunua gata na ameanza kubomoa ukingo wa baraza. Fundi amenuna kidogo. Doa tutalitazama Septemba, lakini msumeno kwenye viungo vile vya udongo, hapana.