Kulungu na Bonde Lililofanywa Tupu

Picha ile niliiona kwanza kwenye mfuniko wa kopo la biskuti, miaka mingi kabla ya kujua mchoraji wake: kulungu dume kasimama mbele ya milima yenye ukungu, kifua mbele, pembe zina matawi 12, na nyuma yake hakuna nyumba, hakuna moshi wa jiko, hakuna hata mtu mmoja. Niliipenda. Naipenda hadi leo, na hapo ndipo kero yangu inapoanzia.

Edwin Landseer aliichora mwaka 1851, na milima ile ni ya Nyanda za Juu za Uskoti. Wengi huitazama wakidhani utupu ule ni wa tangu asili. Sivyo. Katika bonde la Strathnaver, huko Sutherland, mwaka 1814, msimamizi wa mashamba aitwaye Patrick Sellar aliwaondoa wapangaji ambao wazee wao walilima na kuchunga pale kizazi baada ya kizazi, ili nafasi yao ichukuliwe na kondoo wa Cheviot, ambao sufu yao ilimpa mwenye ardhi kodi kubwa kuliko ambayo mkulima mdogo angeweza kuilipa. Boriti za mapaa zilitiwa moto makusudi, kwa kuwa miti ilikuwa adimu na asiye na boriti hasimamishi nyumba nyingine. Sellar, ambaye ndiye huyo huyo aliyekodishwa malisho yaliyoachwa wazi, alishtakiwa mjini Inverness mwaka 1816 kwa kuchoma nyumba na kusababisha kifo, akaachiwa huru. Waliofukuzwa walipewa vijishamba ufukweni wakajifunze uvuvi, na wengi, wao au watoto wao, waliishia melini. Kadiri karne ilivyosonga, malisho mengi ya kondoo nayo yaligeuzwa viwanja vya matajiri vya kuwindia kulungu. Kwa hiyo kulungu wetu wa kwenye kopo si mwenyeji wa bonde lile. Ni mpangaji mpya.

Mchoraji mwingine, Thomas Faed, alijaribu kuwarudisha watu ndani ya picha mwaka 1865. Kwake mzee ameketi juu ya farasi mdogo gatini, kichwa kimeinama, jamaa wamemzunguka, na meli haionekani kwa sababu sisi watazamaji ndio tuliomo ndani yake, tunaondoka. Ni ufundi wa hali ya juu, lakini machozi yale yananitia mashaka: msimamizi hayumo, hati ya kufukuzwa haimo, na msiba unakuwa kama mvua iliyonyesha tu.

Ninayemwamini zaidi ni William McTaggart, mtoto wa mkulima mdogo wa Kintyre, katika picha yake ya mwaka 1895 ya meli ya wahamiaji ikiondoka. Watu wa ufukweni amewachora kwa brashi ile ile ya mawe na povu, hata inabidi uwatafute, na ukishawaona mmoja mmoja huwezi tena kuiita picha ya bahari tu.

Sisi wa huku tusijione tuko mbali na jambo hili. Kalenda za Serengeti zilizotundikwa katika maduka yetu zina nyumbu, mgunga na machweo, bila mtu, ilhali Wamaasai waliokuwa wakichunga mle waliondolewa na serikali ya kikoloni na kufikia mwaka 1959 walikuwa wamehamishiwa Ngorongoro.

Lakini kazi ninayoiweka juu ya zote haikuchorwa na mchoraji. Mwezi Mei 1845, watu wa Glencalvie, bonde jingine la Uskoti, waliofukuzwa, walijihifadhi chini ya maturubai na mablanketi katika uwanja wa kanisa dogo la Croick, penye makaburi, nao wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha. Hawakuandika kwa Kigaeli, lugha yao, bali kwa Kiingereza, labda ili aliyewafukuza naye asome: kwamba watu wa Glencalvie walikuwa hapa, na mahali pengine, kwa uchungu ambao sijui kuueleza, kwamba wao ni kizazi kiovu. Vioo vile vingalipo. Maandishi yalikwaruzwa kutokea nje, kwa hiyo aliyemo ndani ya kanisa, akitaka kutazama mandhari ya bonde, huyaona maneno yamegeuka, yamekaa kati ya jicho lake na milima.