Jua, makunyanzi na losheni ya SPF 50

Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69, dereva wa lori la mizigo kwa miaka 28. Shavu lake la kulia ni la mtu wa umri wake. La kushoto limekunjamana, ngozi nene, mifereji mirefu, utadhani ni la baba yake. Marekani dereva hukaa kushoto, dirishani. Kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB, ile inayobabua, lakini sehemu kubwa ya aina nyingine, UVA, hupenya hadi tabaka la ndani la ngozi na kuharibu kolajeni na elastini, nyuzi zinazoifanya ngozi ikaze.

Kwamba jua huzeesha ngozi, basi, si suala la kubishania. Na kwamba kinga husaidia, nalo limepimwa: huko Nambour, Australia, watu 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku ngozi zao hazikuonekana kuzeeka zaidi.

Ila wengi wa watu hao ni weupe. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, kwa mtu mweusi huchuja miale mara kadhaa zaidi, na makunyanzi yetu huchelewa kwa takriban miaka kumi. Kumwuzia binti wa Kariakoo mwenye miaka 22 losheni ya bei mbaya kwa hofu ya makunyanzi ni biashara zaidi kuliko tiba.

Hata hivyo, wanaosema mweusi hahitaji kinga kabisa nao wanakosea. Sisi uzee wa jua hututokea kwanza kama madoa: weusi juu ya mashavu na kwenye paji la uso, rangi isiyolingana. Hapo hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unachangia, na losheni nyingi za kawaida hazizuii mwanga huo. Zenye rangi ya kahawia, zilizotiwa oksidi ya chuma, ndizo zinazofaa, tena hazimwachi mtu na uso kama aliyepakwa unga. Anayesumbuliwa na madoa anunue hizo. Asiyesumbuliwa, kofia pana, mtandio au mwavuli vinamtosha, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hoja kwamba losheni humkosesha mtu vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, siipi uzito. Ni wachache mno wanaopaka kwa wingi wa kuizuia.

Kinachonishangaza ni mkorogo. Mtu anachubua melanini aliyozaliwa nayo kwa kemikali kama haidrokwinoni au zebaki, anaikondesha ngozi kwa krimu za steroidi, kisha anatafuta losheni ya SPF 50, yaani yenye kiwango kikubwa cha kinga, ya kuziba pengo. Huyo makunyanzi yatamwahi kweli, na kosa si la jua peke yake.

Wenye uhitaji usio na mjadala ni watu wenye ualbino. Kwao suala si sura bali saratani ya ngozi, ambayo huwaua wengi wakiwa bado vijana. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao, nao hupewa bila malipo. Kama kuna fedha za umma za kutumia kwenye losheni za jua, ziende huko kwanza, na ziifikishe hadi zahanati za vijijini, kwa mkulima mwenye ualbino anayeshinda shambani.